Ususi wa Sindano katika Ubungo

Lugha yetu haitofautishi mkono usukao mkeka na mkono usukao kichwa. Ukili husukwa, kamba husukwa, kikapu husukwa, na nywele husukwa. Na kazi ikichakaa hufumuliwa. Kwa hiyo msusi ni mtu wa kale katika pwani hii, na maneno ya kazi yake ni ya kale pamoja naye: kusuka, kusonga, kufumua, shungi, chanuo. Lakini katika miaka ya karibuni neno jingine limeingia kazini mwake ambalo hapo kwanza lilikuwa mali ya fundi cherehani. Mwanamke wa Ubungo atokapo saluni siku hizi aghalabu hasemi kuwa amesukwa, asema ameshonewa. Amesukwa kweli, lakini msuko umefichwa chini, na juu yake zimeshonwa kwa sindano na uzi nywele zilizoota katika kichwa cha mtu mwingine, au zilizotoka katika mitambo ya kiwanda. Nywele hizo huitwa wivingi. Jina ni la Kiingereza, na katika lugha hiyo lina maana ya kufuma. Kiswahili kimelipokea jina, lakini kitendo kimekiita kushona, kwa kuwa sindano ndiyo ifanyayo kazi.

Nia ya insha hii ni kueleza njia iliyopitwa na ususi huu hata ukafika Ubungo, na jinsi utunzwavyo. Mambo mawili haya naona hayatengeki. Mabishano mengi yaliyopata kufanywa nchini juu ya nywele za kuongeza yalihusu nywele zenyewe: ni za nani, zatoka wapi, zamvunjia nani heshima. Machache mno yalihusu kichwa kilicho chini yake, ilhali hicho ndicho kiumiacho au kisalimikacho.

Kuongeza nywele si uvumbuzi wa leo, wala si wa Ulaya. Katika makaburi ya Amarna, mji wa Misri wa miaka kama 3,300 iliyopita, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya mwanamke ambaye nywele zake zilikuwa zimeongezwa vipande vipatavyo 70. Karibu na sisi, morani wa Kimasai walisuka nywele ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha saluni. Si ajabu basi kuwa vijana wa Kimasai waliokuja Dar es Salaam kutafuta kazi wameonekana kuwa wasusi hodari wa vichwa vya wanawake wa mjini. Wako watu wanaocheka kumwona mwanamume mwenye rungu amesimama nyuma ya kiti cha mwanamke akimsuka rasta. Wangejua kuwa ameleta mjini kazi ya nyumbani kwao, wasingecheka.

Lakini ushonaji wenyewe, yaani ule wa kufunga nywele ngeni juu ya msuko ili zikae majuma mengi, una mwanzo ulioandikwa. Mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Christina Jenkins wa mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio, aliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1952 serikali ya Marekani ikampa hataza. Kabla yake nywele za kuongeza zilishikizwa kwa vibanio, na upepo au mkono wa mtoto uliweza kuzitoa. Yeye alizifunga katika nywele za mwenyewe kwa uzi, zikawa hazitoki mpaka zifumuliwe. Sifa hiyo ni yake, wala hapana haja ya kumpunguzia. Hata hivyo yafaa kukumbuka kuwa ushonaji kama tuujuavyo hauwezekani bila msuko wa mistari uliolala juu ya ngozi ya kichwa, na msuko huo ulivuka bahari pamoja na mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Uzi ulipewa hataza; msingi ulioshonewa haukuwa na haja nayo.

Sasa na turudi Ubungo, tena katika mwaka mmoja maalumu, 1968. Wakati ule Ubungo ilikuwa ukingo wa mji. Mlimani palikuwa na Chuo Kikuu kilichokuwa kimehamia huko mwaka 1964, na chini yake, kando ya barabara ya Morogoro, kilifunguliwa mwaka huo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China. Pamba ya nchi ilisokotwa humo ikawa uzi, uzi ukafumwa ukawa nguo, na nguo ikapigwa chapa ikawa khanga. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilikuwa ianze kazi tarehe 1 Januari 1969. Vitu vilivyokatazwa vilikuwa sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kuchubua ngozi, na mawigi. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza yakajaa barua. Wengine walisema kuwa wigi ni ukoloni uliobaki kichwani baada ya bendera kushushwa. Wengine waliuliza kwa nini suti na tai ya mwanamume zisiwe ukoloni vilevile, na kwa nini heshima ya taifa ipimwe juu ya mwili wa mwanamke peke yake. Swali hili la pili sijaona lilivyojibiwa kwa haki mpaka leo.

Hoja ya kwanza isidharauliwe. Lugha yenyewe ilikuwa na ushahidi wa kuipa. Kiswahili kiliziita nywele laini zilizonyooka nywele za singa, na zetu kikaziita za kipilipili. Na atakaye kujua ni zipi zilizosifiwa zaidi hana haja ya kwenda mbali. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kuwa kichwa chake ni punje za pilipili, kisha akafunikwa na singa za kununua, ana haki ya kuulizwa kama amejipamba au amejikana. Lakini swali la namna hiyo huulizwa kwa maneno, na Oktoba ile baadhi ya watu waliliuliza kwa mikono.

Tena palikuwa na kichekesho ndani ya jambo hili. Wigi lilipigwa vita kama kitu cha Magharibi, hali nywele nyingi za biashara hiyo zilikuwa zikitoka Asia. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilizuia nywele zitokazo China kwa sababu China ilikuwa ya kikomunisti, na viwanda vya Korea Kusini vikapata nafasi ya kustawi. Kwa hiyo nywele ambazo Washington ilizikataa kwa kuwa za kijamaa, Dar es Salaam ilizikataa kwa kuwa za kibeberu. Uganda nako Idi Amin alipiga marufuku mawigi mwaka 1974, na sababu aliyoitoa ni kuwa yametengenezwa kwa nywele za watu waliokufa katika vita vya Vietnam. Dhana hiyo haijafa. Hata leo husikika katika foleni na katika daladala kuwa wivingi ni nywele za maiti.

Ukweli hauhitaji maiti. Nywele za binadamu ziuzwazo duniani hutoka sana India na China. Katika hekalu la Tirumala, kusini ya India, mahujaji hunyoa vichwa kwa nadhiri, na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. Nyingine huokotwa katika vitana na mifagio ya nyumba maskini, zikakusanywa kidogo kidogo na wachuuzi. Nyingi za zote hizi hupitia viwanda vya Xuchang, katika jimbo la Henan la China. Zile zisizo za binadamu ni nyuzi za kikemia. Iliyo mashuhuri kupita zote, Kanekalon, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1957. Tofauti ya aina mbili hizi si ya bei tu. Itarejea tutakapofika katika utunzaji.

Amri ya 1969 haikuliua wigi kwa nguvu zake. Uhaba ulisaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata sabuni ilikuwa tabu kuipata, na mwenye kutaka nywele ndefu alizizungushia uzi mweusi shungi kwa shungi zikasimama au zikapindwa. Serikali ilipoanza kulegeza biashara ya nje mwaka 1984, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoiendeleza njia hiyo hata watu wakamwita Mzee Ruksa, ziliingia dawa za kulainisha nywele, ikaingia kalikiti, zikaja rasta, kisha wivingi. Ubungo ilikuwa mahali pafaapo kupokea vitu hivyo. Hadi mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalianzia na kuishia hapo, kabla ya kuhamishiwa Mbezi Louis. Msichana aliyetoka Iringa au Singida alishuka Ubungo na kichwa cha kwao, na hakukawia kuona kichwa cha Dar es Salaam. Saluni zikaota Manzese, Sinza, Shekilango na mabibo yote ya jirani: nyingine zina viyoo na viyoyozi, nyingine ni kibanda cha mbao, kiti kimoja cha plastiki, na ndoo ya maji. Kazi hii imewalisha wanawake wengi ambao hawakupata nafasi katika ofisi wala kiwandani. Haina cheti cha lazima. Mtu huijua kwa kukaa miguuni pa aijuaye, kama ilivyokuwa kwa ukili.

Mara ya pili dola ilipozitazama nywele hizi ilizitazama kwa jicho la mapato. Katika bajeti ya Juni 2019 Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alileta ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zitokazo nje na asilimia 10 kwa zile zitengenezwazo nchini. Ukilinganisha 1969 na 2019 waona badiliko kubwa: kilichokuwa aibu kimekuwa bidhaa. Kisichobadilika ni kuwa mara zote mbili walioamua walikitazama kile kinachoonekana juu. Nami sasa nataka tushuke chini ya uzi.

Kazi huanza kwa msuko wa msingi, nao ndio uamuao mengine yote. Mistari hupangwa kufuata umbo la kichwa, myembamba kiasi cha kulala, minene kiasi cha kubeba. Utepe wa nywele hushonwa juu ya mstari kwa sindano iliyopinda kama ndoana. Msusi ajuaye huizungusha sindano chini ya msuko mzima. Asiyejua huupasua msuko katikati, na kila apitapo hukata nywele chache ambazo mwenyewe hataziona mpaka siku ya kufumua. Tepe mbili juu ya mstari mmoja mwembamba ni mzigo wa watu wawili kwa mbebaji mmoja, na mzigo huo huzidi zinapolowa. Nywele laini za kando ya paji na nyuma ya masikio hazifai kusukwa kabisa, kwa kuwa mizizi yake ni dhaifu kuliko ya utosini. Hizo ndizo zitanguliazo kwenda, na zikienda paji hupanda mwaka hata mwaka.

Madaktari wanalo jina la upara huo, nao una historia yake. Mwaka 1907 Trebitsch, daktari wa Austria, aliuandika alipouona kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakivuta nywele zao na kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa. Greenland hakuna wivingi wala jua la Manzese. Palikuwa na mvuto tu, na mvuto ulitosha. Katika zama zetu Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameonyesha kuwa hatari huzidi pale nywele zivutwapo baada ya kutiwa dawa ya kulainisha. Kwa hiyo desturi ya kutia dawa asubuhi na kushonewa jioni, ambayo wateja huipenda kwa kuwa yaokoa nauli, ni desturi ya kuachwa. Dalili za mwanzo hazifichiki: kichwa kuuma usiku ule, vipele vidogo mstarini mwa nywele, ngozi kung'aa. Katika hatua hiyo nywele hurudi zikiachwa huru. Tundu la nywele likishaziba kwa kovu hazirudi, hata kwa mafuta ya nyonyo yanayosifiwa mtaani. Msusi amwambiapo mteja, "Vumilia, dada, italegea kesho," amwambia jambo ambalo huenda likawa kweli kwa maumivu, lakini si kweli kwa mizizi. Mteja hana budi kusema hapo hapo kuwa yaumiza, na msusi hana budi kufumua mstari ule bila kinyongo. Najua kuwa ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyesimama saa nne kwa ajili yako.

Baada ya kushonewa huja siku za kuishi nazo. Dar es Salaam ni mji wa jasho, na jasho hukaa chini ya tepe kama maji chini ya jamvi. Kichwa kioshwe kila juma moja au mawili. Shampuu huchanganywa na maji katika chupa yenye mdomo mwembamba, ikapitishwa mstari kwa mstari juu ya ngozi, ikapapaswa kwa ncha za vidole bila kusuguliwa, kisha ikasuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Hapa Ubungo ushauri huu mwepesi hukutana na jambo gumu. Maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi, nayo hukausha nywele na kuacha ukungu mweupe juu yake; na maji ya bomba hutegemea mto Ruvu, ambao ulipopungua mwishoni mwa 2022 jiji zima liliwekwa katika mgao. Mwenye ndoo moja ya maji baridi ya bomba na aiweke kwa suuzo la mwisho.

Kukausha ni muhimu kuliko kuosha. Nywele za juu hukauka kwa upepo, lakini msuko wa chini hubaki na unyevu saa nyingi, na msuko ulalao na unyevu huleta harufu, muwasho na ukungu wa ngozi. Kichwa kioshwe asubuhi, kisioshwe kabla ya kulala. Na penye draya, hewa yake ielekezwe katikati ya mistari. Mafuta yawe mepesi na machache. Mama zetu walitumia ya nazi, nayo yafaa hata sasa, ila yakizidi hushika vumbi na kuziba ngozi.

Hapa ndipo tofauti ya nywele za binadamu na za kiwanda hurejea. Unywele wa binadamu una magamba madogo yaelekeayo kutoka shinani kwenda nchani, kama magamba ya samaki. Zikichanganywa za vichwa vingi, shina la huu na ncha ya ule, magamba hushikana na nywele hufungamana. Viwanda vingi huyaondoa magamba kwa tindikali na kuzipaka silikoni ili zing'ae. Mng'ao huo hutoka kwa kuoshwa mara kadhaa, na ndipo mnunuzi aonapo kuwa alinunua nusu ya alichokiona. Zile zilizokatwa na kuhifadhiwa zikiwa zimeelekea upande mmoja hudumu zaidi, na bei yake yasema hivyo. Za kiwanda hazina magamba, lakini huyeyuka kwa moto, na pasi ya nywele huziharibu kwa mpito mmoja. Zote mbili huchanwa kwa kuanzia nchani, kidogo kidogo kupanda juu, mkono mmoja ukishika shina ili mshono usivutwe. Usiku kichwa kifungwe kwa kitambaa laini cha hariri au satini. Pamba hunywa mafuta na kukwaruza.

Muda ni swali liulizwalo sana na kujibiwa kwa tamaa. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Baada ya miezi miwili msuko umesimama mbali na ngozi, umelegea, na uzito wote waning'inia juu ya nywele changa. Majuma sita hadi manane yatosha. Miezi mitatu ni mwisho wa mwisho. Aliyetoa fedha nyingi atapenda kufika miezi mitano, na hesabu yake ya fedha ni sahihi, ila ameacha kuhesabu nywele zake.

Kufumua kwataka subira kuliko kushona, nako aghalabu hupewa mtoto au jirani kwa kuwa hakuna malipo. Hili ni kosa, kwa maana nywele nyingi hukatwa siku ya kufumua. Kinyozi hajinyoi, na msusi hajisuki. Lakini hata afumuliwaye na mwingine na ashike kioo. Huanzwa nyuma, kisogoni. Fundo la uzi hutafutwa, likakatwa peke yake kwa mkasi mdogo, na utepe ukavutwa polepole. Kisha misuko ya chini hufunguliwa kwa vidole na mafuta kidogo kabla kitana hakijagusa. Patatoka bonge la nywele, na wengi hushtuka. Lakini kichwa kizima humwaga nywele 50 hadi 100 kila siku, na zile za miezi miwili zilikuwa zimefungwa ndani ya msuko zikingoja. Za kuogopwa ni zile zilizokatika katikati, fupi, zisizo na kidoa cheupe mwishoni. Baada ya hapo kichwa huoshwa, na nywele hupumzishwa majuma mawili au zaidi katika mabutu yaliyolegea au katika twende kilioni, msuko mwepesi ambao jina lake lasema kuwa hata aliyepata habari za msiba aweza kuufanya kabla ya kuondoka. Na zile zilizofumuliwa, kama ni za binadamu, huoshwa nazo, huanikwa kivulini juu ya mgongo wa kiti, hukunjwa, na kuwekwa katika mfuko mpaka siku nyingine ya sindano.